Tusimtume mtoto abebe barua yetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa shirika, Baraka, juu ya staji za wanafunzi katika ofisi za madepite. Msemaji ni memba wetu, mfanyakazi wa uwanjani katika shirika la misaada. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.



Komite imeniomba niseme juu ya jambo moja tu: wanafunzi wetu wanaotaka kufanya staji katika ofisi ya mbunge, yaani depite. Mwaka huu watatu wameomba shirika liwasaidie nauli na chakula. Kwenye kikao cha mwezi uliopita tuligawanyika, mnakumbuka. Upande mmoja ulisema: "Tuwatume, sisi pia tupate mtu wetu ndani." Upande mwingine ukasema: "Hata franga moja tusitoe, juu madepite watawavalisha tisheti za kampeni na kuwapa megafoni." Mimi nilinyamaza ile siku kwa sababu yote mawili yalinigusa. Leo nitasema.

Kwanza niseme mimi ni nani, kwa wale ambao hawanijui. Nilikimbia nikiwa mdogo mgongoni mwa dada yangu. Nilisoma msingi Lugufu, Tanzania, kwa programu ya Kongo, na nilirudi mwaka 2007 kwa meli kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka. Mwaka 2014 nilikuwa mwaka wa tatu wa graduat, na chuo kilinidai staji. Wenzangu walitafuta ma-ONG, wengine hospitali, wengine ofisi ya sekta. Mimi nilipata nafasi Bukavu, katika ofisi ya depite mmoja wa jimbo. Jina lake sitalisema, halisaidii kitu hapa.

Siku nilipoleta habari nyumbani, baba yangu alisimama. Mzee yule hasimami ovyo. Akasema: "Sasa Mungu ametukumbuka. Shamba letu litarudi."

Ninyi mnaojua habari zetu mnajua shamba gani. Tulipokimbia, familia nyingine iliingia pale, ikalima, ikazaa watoto, ikazika wazee wake. Tuliporudi tulikuta migomba ambayo hatukuipanda. Na baba pamoja na wazee wengine wa kijiji walikuwa wameandika barua kwa depite. Miaka ilipita, jibu hakuna. Kwa hiyo mimi nilipoingia kwenye ile gari ya Uvira na Bukavu, kwa baba sikuwa stajere. Nilikuwa mjumbe wake.

Wiki ya kwanza sekretere wa ofisi, mama mmoja wa miaka kama 50, alinionyesha katoni chini ya meza. Akasema: "Kazi yako ndiyo hii." Ndani ya katoni kulikuwa barua. Zaidi ya mia moja. Nyingine zilikuwa na vumbi, nyingine zimeliwa na panya kwenye kona. Memo za vijiji, maombi ya karo, malalamiko juu ya vizuizi vya barabarani, barua za wajane. Hakuna hata moja iliyoandikwa kwenye rejista. Yule mama alikuwa amefika kwenye ile ofisi miezi miwili tu kabla yangu, na katoni aliikuta vile.

Siku ya tatu nikakuta barua ya wazee wetu. Karatasi ya daftari, mwandiko wa mwalimu wetu, jina la baba ni la tatu. Wapendwa, nilisoma ile barua na nikaona haya, na baadaye huruma. Haikuwa na tarehe. Jina la kijiji halikuandikwa. Hakuna namba ya simu. Haikusema shamba lina mipaka gani, wala nani analima pale, wala shahidi ni nani. Ilisema: "Mheshimiwa, tuonee huruma sisi watoto wako." Hata depite mwenye moyo mzuri kuliko wote angefanya nini na ile karatasi? Angemtuma mtu wapi?

Na mimi nikafanya nini? Nilifanya kile ambacho ninyi wengi mngetaka nifanye. Jioni, yule mama alipotoka, nilichukua barua ya baba nikaiweka juu kabisa ya dosye kwenye meza ya depite.

Asubuhi mama akaniita. Hakupaza sauti. Akaniuliza: "Mwanangu, huyu wa tatu kwenye hii karatasi ni nani wako?" Nikasema: "Ni papa." Akasema: "Sawa. Na hawa walio chini ya karatasi ya papa yako, nani atawawekea juu?" Sikuwa na jibu. Akanipa rejista mpya, akaniambia nianze namba 1, nifuate katoni kama ilivyo, nisichague. Barua ya baba ilipata namba 47.

Ile kazi ilichukua wiki tatu. Ndiyo iliyonifundisha kuliko kozi yoyote ya chuo, na ninataka mjue nilijifunza nini, juu ndilo jambo tunaloenda kulipia.

Nilijifunza kwanza kwamba depite si hakimu, na si chifu. Depite wa jimbo ana kazi mbili kubwa: kupiga kura juu ya sheria za jimbo, zile zinazoitwa edi, pamoja na bajeti ya jimbo, na kuchunguza serikali ya jimbo. Depite wa taifa, mmoja wa wale 500 wanaokaa Palais du Peuple Kinshasa, ana kazi ya namna hiyo kwa nchi nzima. Hakuna kati yao mwenye nguvu ya kukurudishia shamba. Ardhi ina sheria yake ya tarehe 20 Julai 1973, inasema udongo ni mali ya dola, na mabishano yana njia yake: mapatano mbele ya chifu na wazee, ofisi ya ardhi, halafu korti.

Lakini depite ana silaha zake, na ziko kwenye Katiba ya 2006. Anaweza kumwandikia waziri swali, au kumuuliza kwa mdomo mbele ya wote. Anaweza kumwita ajieleze. Anaweza kuomba komisyo ya uchunguzi. Na sisi wananchi tuna silaha yetu, ibara ya 27: kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, ana haki ya kumwandikia mkubwa wa serikali petisyo, na mkubwa yule anapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Wangapi hapa walijua ile miezi mitatu? Mimi sikujua, na nilikuwa mwanafunzi wa iniversite.

Nilijifunza pia kwamba kila kitu kina wakati wake. Bunge la taifa lina vikao viwili vya kawaida: cha kwanza tarehe 15 Machi mpaka 15 Juni, cha pili tarehe 15 Septemba mpaka 15 Desemba, na hiki cha pili ndicho cha bajeti. Memo ya daraja ikifika Januari, wakati bajeti imekwisha kupigiwa kura, ni kama kuleta mbegu wakati wenzako wanavuna. Na wakati wa likizo za bunge, depite anapaswa kurudi kwa watu waliomchagua, awasikilize. Ule ndio wakati wa kumkamata kwa heshima na karatasi mkononi.

Tulipomaliza rejista, tulizigawa zile barua. Nyingi hazikuwa za depite. Ziliandikwa kwake kwa sababu watu hawakujua mlango mwingine. Kwa hizo tuliandika majibu mafupi: nenda ofisi fulani, chukua hati fulani, peleka mashahidi. Barua mbili zikageuka maswali ya kuandika kwa mawaziri wa jimbo, moja juu ya daraja, nyingine juu ya walimu ambao majina yao hayakuwa kwenye lista ya mshahara. Jibu la daraja lilikuja: feza haikuwekwa kwenye bajeti. Ni jibu chungu, lakini ni jibu. Watu wa ule upande walijua sasa wapige mlango upi, na mwezi gani.

Na baba yangu? Namba 47 ilipata jibu kama wengine: nendeni kwa chifu na mashahidi wa mipaka, mkae na ile familia. Nilimletea mwenyewe. Alisoma, akakunja karatasi, akaniambia: "Nilikutuma ndani ya ofisi, wewe unaniletea njia ya ofisi nyingine?" Miezi miwili hakuongea nami vizuri. Mwaka uliofuata walikaa chini ya mwembe wa chifu, familia mbili, siku nne. Shamba liligawanywa. Baba hakupata yote. Alipata sehemu yenye kaburi la mama yake, na karatasi yenye sahihi za pande zote mbili. Mpaka leo hakuna aliyeing'oa mipaka ile. Ningelazimisha barua ya depite, labda tungepata shamba lote kwa mwaka mmoja na vita ya majirani kwa miaka kumi.

Ndiyo maana kwa wale waliosema "tupate mtu wetu ndani", nasema kwa heshima: wazee wangu, hapana. Mtoto akiingia kule kama mkono wetu, ataiba nafasi ya mjane wa Lulenge ambaye hana mtoto ofisini. Na kesho mtoto wa wengine ataiba yetu. Sisi tuliorudi ndio tunaojua uchungu wa kuwekwa chini ya katoni. Madepite wa jimbo wa wakati ule walichaguliwa mwaka 2006 kwa muhula wa miaka 5, wakakaa mpaka uchaguzi wa mwisho wa 2018. Wengi wetu tulirudi baada ya ile kura ya 2006. Hatukuwa kwenye lista ya mtu yeyote. Rejista yenye namba ndiyo iliyotufaa, kwa sababu rejista haiulizi ulimpigia nani kura.

Sasa niende kwa upande wa pili, wale waliosema tusitoe kitu. Hofu yenu si ya bure. Miaka michache iliyopita kijana mmoja wetu alifanya staji katika ofisi nyingine, na mwezi mzima alikuwa anabandika picha na kununua yuniti za simu za wakubwa. Alirudi na rapore aliyoinakili kwa mwenzake, akapata pointi nzuri, na hajui hata sasa petisyo inaandikwaje. Msichana mmoja naye aliambiwa na mtu wa ofisi kwamba rapore yake itasainiwa jioni, hotelini. Hakwenda. Alifanya vizuri. Lakini sahihi hakuipata, na ilibidi arudie staji mahali pengine kwa feza ya mama yake anayeuza ndagala. Sisi kama shirika tulikuwa wapi? Hatukuwa tumeandika kitu chochote na ile ofisi. Tulimpa mtoto nauli, tukamwambia "Mungu akuongoze." Mungu anaongoza, lakini karatasi pia inasaidia.

Tukikataa kabisa, nani ataenda? Staji hailipwi. Chuo kinadai feza, usafiri unadai feza, kulala Bukavu ama Uvira kunadai feza. Ataenda mwenye shangazi mjini. Mimi mwenyewe nilimaliza ile staji kwa sababu binamu yangu alinipa godoro nyuma ya duka lake, na nilikula mara moja kwa siku. Wenzangu wawili waliokuwa na akili kuniliko hawakuwa na binamu. Na hapo ofisi zitaendelea kusoma barua za Fizi kwa macho ya mtu ambaye hajui Mutambala na Ngandja ziko upande gani.

Basi pendekezo langu ni hili. Tuwasaidie, lakini kwa mapatano ya ukurasa mmoja, yenye sahihi nne: mwanafunzi, chuo, ofisi ya depite, na shirika letu. Ndani yake tuandike mambo haya.

La kwanza, kazi ijulikane mbele. Stajere ataandika barua zinazoingia kwenye rejista, atahudhuria kikao cha bunge wakati kiko wazi kwa watu, juu vikao ni vya wazi isipokuwa bunge likiamua kufunga milango, na atafupisha andiko moja la sheria au la bajeti kwa ukurasa mmoja ambao mama wa soko anaweza kuuelewa. Akikosa hizi tatu, hakufanya staji.

La pili, hakuna kazi ya chama. Hakuna tisheti, picha, wala megafoni. Depite ana watu wake wa kampeni, awalipe.

La tatu, hakuna kubeba barua ya memba wala ya ndugu. Na yale anayoyasoma mule ndani yabaki mule ndani. Barua ya mtu ni siri ya mtu. Kama mwanafunzi akirudi hapa na kutuambia nani aliomba msaada gani, tumfukuze, hata akiwa mtoto wa mwenyekiti.

La nne, wasiende peke yao. Waende wawili wawili, na kama kuna msichana, awe na mama mmoja wa shirika mwenye simu wazi, anayemjua kwa jina. Kazi inaisha ofisi inapofungwa. Rapore inasainiwa mezani, mchana. Akiitwa mahali pengine, anampigia mama, na shirika linaandikia chuo siku hiyohiyo. Msichana asilipie ujasiri wake kwa kupoteza mwaka.

La tano, tusifunge mlango kwa upande mmoja. Baada ya kura za tarehe 20 Desemba 2023 wako madepite wa kila rangi. Mwaka huu kwa huyu, mwaka kesho kwa mwingine, wa upinzani pia. Shirika letu lina watu wa vyama vyote, na likiegemea kimoja litavunjika katikati.

La sita ndilo linalorudisha feza yetu. Kila stajere akirudi, akae hapa Jumamosi nne chini ya hii hangari, na kalamu, asaidie watu kuandika barua zao upya: tarehe, kijiji, majina, simu, jambo moja tu kwa barua moja, hati zilizoambatishwa, na fotokopi ambayo ofisi inapiga muhuri wa kupokea. Bila ule muhuri hujapeleka kitu. Na kabla ya kuandika amuulize mtu: "Je, hii ni ya depite kweli, au ni ya chifu, au ni ya korti?" Yule aliyesoma barua mia za wengine ndiye anayeweza kukuuliza hivyo.

Kwa wafadhili wetu nasema wazi: hatuombi feza kwa kujenga urafiki na wanasiasa. Tunaomba nauli, chakula na mahali pa kulala kwa wanafunzi watatu, na rejista ngumu tatu ambazo zitabaki kwenye ofisi watakazozikuta. Mhasibu ataonyesha hesabu, kila franga na karatasi yake. Na mkikuta kwamba mmoja wao alibandika picha za kampeni, mna haki ya kutudai feza irudi.

Kwa ninyi watatu mlioomba, nimewaona mmekaa pale nyuma. Mtakutana na katoni. Labda mtakuta ndani yake barua ya baba yenu. Mtatamani kuiweka juu. Nawaambia kama yaya wenu: ipeni namba yake, halafu geuzeni ya nyuma yake, na ile nyingine, mpaka katoni iishe. Mtoke pale mkijua njia ambayo karatasi inapita, na mje mtuonyeshe sisi wote.

Baba yangu amezeeka sasa. Juzi jirani alikuja kumwomba ushauri wa shamba, akitaka amtafutie depite. Nilikuwa nimekaa pembeni, nikamsikia mzee akimuuliza: "Kwanza, barua yako ina tarehe?"

Uamuzi ni wenu.